Alikuwaga Anakaaga

Nilikuwa nimefika sentensi ya tatu ya wasifu wa marehemu nilipomsikia mzee mmoja wa safu ya mbele akimnong'oneza mwenzake. Kipaza sauti kilikuwa cha kukodi na kilikuwa kinakoroma, lakini ule mnong'ono niliunasa wote.

"Alizoea? Kwani huo mwembe ulimsumbua mwanzoni?"

Mwenzake akajikohoza ili kicheko kisimtoke. Mimi nikaendelea kusoma huku masikio yanawaka.

Sentensi niliyokuwa nimeisoma ni hii: "Kila jioni Baba alizoea kukaa chini ya mwembe na kutengeneza redio za watu."

Marehemu ni baba mkubwa. Wasifu aliuandika mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, aliye Minneapolis na ambaye hakuweza kuwahi mazishi. Aliutuma saa nane usiku kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha anayoandikia siku hizi, akaniomba: "Dada, tafsiri uusome wewe." Nilitafsiri kwenye simu, nimejiegemeza kwenye magunia ya mchele wa msiba, betri asilimia kumi na moja. Pale alipoandika "he used to sit", mimi nikaandika "alizoea kukaa", nikapita.

Ningesahau kama isingekuwa yule mzee. Wiki tano zimepita na ninaosha vyombo nikimjibu kichwani.

Daftari la kidato cha kwanza

Najua neno hilo nililitoa wapi. Lilikuwa kwenye daftari: upande wa kushoto "used to", upande wa kulia "-zoea", katikati mstari uliopigwa kwa rula. Tuliandika hivyo darasa zima, na nadhani nusu ya wasomaji wangu waliandika hivyo hivyo.

Ni kosa la kuchanganya ndugu wawili. Kiingereza kina "I am used to", ambayo kweli ni nimezoea, na kina "I used to", ambayo ni kitu kingine kabisa. Kinachowatenganisha ni kitenzi kimoja kidogo mbele.

Na -zoea letu lina siri yake. Huwezi kuzoea kitu ambacho hakikuwahi kuwa kigeni kwako. Mtu huzoea baridi ya Njombe kwa sababu wiki ya kwanza ilimtesa. Ukisema "kazoea kupewa", hapo umeshamsema, maana yake kuna siku alikuwa hapewi na mambo yalikuwa heri. Kwa hiyo mzee wa safu ya mbele alikuwa sahihi kwa asilimia zote. Baba mkubwa hakuuzoea mwembe. Aliupanda yeye.

Basi nikasema nirekebishe, yaishe. Kaka alikuwa ameniambia anataka sentensi hiyohiyo ichongwe kwenye marumaru ya kaburi. Nikaandika: "Kila jioni alikuwa akikaa chini ya mwembe."

Ni Kiswahili safi. Hakuna mwalimu atakayeweka wino mwekundu hapo.

Lakini isome tena kwa sauti. "Alikuwa akikaa chini ya mwembe…" Halafu? Msikilizaji anavuta kiti. Anasubiri siku moja ifike, nyoka apite au mgeni atokee. Hivyo ndivyo wasimulizi wetu wanavyoitumia: wanatandika mkeka wa "alikuwa aki-", kisha wanalibwaga tukio juu yake. Mimi sikuwa na tukio la kubwaga. Mkeka wenyewe ndio uliokuwa habari.

Neno linalofunga mlango

Nikarudi kwenye Kiingereza chenyewe, nijue kaka alikuwa amesema nini hasa.

Kwa miaka yote nilidhani "used to" ni neno la mazoea, la jambo lililorudiwarudiwa. Ni kweli, lakini si hilo linaloumiza. Mtu akikwambia "I used to live in Arusha", humuulizi kama bado yuko Arusha, ameshahama. Akisema hivyo kuhusu uzuri wa mwanamke, amemtukana. Kazi kubwa ya maneno haya mawili ni kutoa taarifa kwamba jambo limekwisha, na kuitoa kabla hata hujaambiwa jambo lenyewe ni lipi.

Kuna shairi la Thomas Hood, mshairi wa London wa karne ya 19, la mtu mzima anayeikumbuka nyumba aliyozaliwa. Anaitaja misonobari mirefu ya pale, kisha anasema: "I used to think their slender tops / Were close against the sky." Alikuwa akidhani vilele vyake vinakaribia kuigusa mbingu. Ubeti unaendelea kueleza kwamba huo ulikuwa ujinga wa utoto, na kwamba sasa anajua yuko mbali zaidi na mbingu kuliko alipokuwa mvulana.

Lakini angalia, maelezo hayo yamechelewa. Alipotamka tu "used to think", tulishajua kuwa hadhani tena. Mbingu ilishapanda juu kabla mstari haujafika mwisho.

Halafu, katika shairi hilohilo, kuna ubeti mwingine anapokumbuka alipokuwa akibembea. Hapo Hood anaandika "where I was used to swing". Nilicheka peke yangu. Mwingereza wa leo hasemi hivyo. Kwa sikio la sasa hiyo inaelekea kwenye "nilizoea kubembea", ni wale ndugu wawili wamevaa shati moja. Kosa langu la msibani, mshairi mzima alikuwa nalo ndani ya shairi lake, na kwake halikuwa kosa, kwa sababu enzi zake ndugu hao walikuwa bado hawajagawana nyumba.

Ningependa kumwonyesha yule mzee. Sidhani kama angejali.

Aliyeongeza na aliyeondoa

Marafiki zangu wanaotafsiri kwa malipo wanaujua mfano ufuatao, nami nauleta kwa sababu ulininyima usingizi.

Riwaya ndefu ya Marcel Proust ilianza kutoka mwaka 1913 huko Ufaransa, na inafunguliwa na mtu anayesema kwamba kwa muda mrefu alikuwa analala mapema. Kifaransa kina njeo (umbo la kitenzi linaloonyesha wakati) yake maalumu ya mambo ya zamani yaliyokuwa yakijirudia. Proust ameitumia kwa wingi kurasa zote zinazofuata. Lakini katika sentensi ile ya kwanza hakuitumia. Aliweka njeo ya jambo lililotendeka likaisha, kama mtu anayesema "nililala", na ndiyo maana sentensi ile inakaa vibaya kidogo hata masikioni mwa Wafaransa: muda mrefu, lakini umefungwa kwenye kifurushi.

Mwaka 1922 Mskoti C. K. Scott Moncrieff akaitia Kiingereza: "For a long time I used to go to bed early." Aliongeza "used to". Miaka themanini baadaye, mwaka 2002, Mmarekani Lydia Davis akatafsiri upya kitabu hicho na akaiondoa: "For a long time, I went to bed early."

Wanazuoni wengi watakuambia Davis yuko karibu zaidi na Mfaransa. Nakubali. Lakini nikiwasoma wote wawili kwa sauti usiku, Moncrieff ndiye anayenifanya nimsikie mtu akikumbuka. Davis ananipa taarifa, tena ya kweli. Moncrieff ananipa mtu aliyekaa kitandani, na kile kitanda hakipo tena.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kumbe hata kati ya lugha zenye vitabu vingi hivyo, zenye kamusi nene na maprofesa, watu wazima wamekuwa wakivutana miaka themanini kwa maneno mawili. Na mimi nilitaka kuyamaliza kwa betri ya asilimia kumi na moja.

Siku tatu za hu-

Jumatatu moja kwenye daladala niliamua nimelipata. Hu-!

"Kila jioni hukaa chini ya mwembe."

Hu- ni kiambishi cha ajabu, nasi tumekizoea (hapo -zoea imetumika inavyostahili) hata hatukioni. Hakibebi nafsi: mimi hukaa, wewe hukaa, wao hukaa. Hakibebi wakati. Mchumia juani hulia kivulini, lini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwaka gani? Haba na haba hujaza kibaba jana, leo na hata wajukuu zetu watakapokuwa wazee. Ndiyo maana methali zinakipenda. Kukiweka kitenzi kwenye hu- ni kukitoa kwenye kalenda.

Nikafikiri: heshima iliyoje kwa marehemu. Mwache kwenye hu-, akae na kina mchumia juani, kivulini, milele. Nilimtumia kaka. Akajibu kwa alama ya mikono iliyofumbatwa.

Siku ya tatu ikaanza kuniwasha. Methali ni ya kila mtu na haina kaburi. Baba mkubwa ana kaburi, na sentensi hii inawekwa juu yake. Mtu akisimama pale asome "kila jioni hukaa chini ya mwembe", atageuka aangalie mwembe, ambao uko hatua arobaini tu. Hatamwona. Tutakuwa tumechonga uongo kwa gharama kubwa.

Kiingereza kilikuwa kimefunga mlango kwa nguvu. Kiswahili changu kiliuacha wazi kabisa, upepo unaingia.

Nikafuta. Nikamwandikia kaka: subiri.

Fimbo mbili

Nikaanza kukumbuka fimbo.

Ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza. Tuliulizwa asubuhi tunafanya nini, nami nikasema "I use to wake up at five". Nilimaanisha huamka saa kumi na moja, leo na kesho. Bado nawasikia watu wazima wakisema hivyo, wengine kwenye mikutano yenye viyoyozi. Mwalimu alisema hakuna "use to" ya sasa, iko ya zamani tu. Kiganjani, viwili.

Alikuwa sahihi kwa Kiingereza cha leo. Ila mwaka 1637 John Milton aliandika shairi la kumwomboleza mwanachuo mwenzake aliyekufa maji katika Bahari ya Ireland, na katikati ya maombolezo anajiuliza: si ingekuwa heri kufanya "as others use", yaani kama wengine wafanyavyo, kucheza na msichana kivulini? "Use", ya sasa, ya mazoea yanayoishi. Ilikuwepo. Waingereza waliitumia karne kadhaa, kisha wakaiacha ikafa, wakabaki na ile ya zamani peke yake. Hata sauti yake imejitenga: ile "d" imemezwa, wanatamka kitu kama "yusta", wala hawafikirii tena kitenzi cha kutumia. Ndivyo Kiingereza kilivyojikuta na neno linalosema mazoea pale tu mazoea yanapokuwa yamekufa.

Mtoto wa Misungwi, mkoani Mwanza, yaani mimi, akajaribu kulifufua, akachapwa.

Fimbo ya pili ilikuwa ya Kiswahili, tena shule ya msingi. Nilisema "naamkaga saa kumi na moja". Hiyo -aga kila mtu wa kanda yetu anaijua. Iko kwenye Kisukuma, iko kwenye Kinyamwezi, na imetapakaa kwenye lugha za Kibantu kiasi kwamba wanaisimu huirudisha hadi kwa bibi wa lugha hizo zote. Kiunguja hakina, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Kwa hiyo tuliingia darasani na -aga, tukatoka bila.

Tukatoka bila ndani ya daftari, maana mtaani haijatoka. Dar watu wanasema "nakulaga pale", na wapo wanaosema "huwaga", hu- mbele na -ga nyuma, kama mtu aliyevaa mkanda na bado akafunga kamba. Kenya magharibi utasikia "-nga", "alikuwanga". Lubumbashi wanasema "tulikuwaka". Watu mbalimbali ambao hawajawahi kukaa kikao kimoja, wote wameona Kiswahili kina pengo mahali palepale, na kila mmoja ameliziba kwa udongo wa kwao.

Nami ni mtu wa kukosoa -aga, niseme ukweli. Nimewahi kumrudishia mtu makala kwa sababu ya "huwaga" moja. Naandika haya nikiwa na aibu kidogo, si nyingi, kwa sababu makala ile ilikuwa mbaya na kwa mengine.

Mwenye redio

Juzi Jumamosi nilikwenda Misungwi kuangalia saruji ya kaburi. Nilikuwa nimekaa na shangazi ukumbini, tunachambua dagaa, akaja mtu na baiskeli. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga redio kwa mpira, imevalishwa mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Akaegesha, akapiga hodi, akasalimia kwa adabu zote. Alionekana ametoka mbali.

"Namwulizia mzee fundi," akasema, akionyesha benchi. "Huwa anakaa hapa chini ya mwembe."

Huwa anakaa. Yuko kwenye hu-, mzima, kama nilivyomwandika mimi kwa siku tatu.

Shangazi hakuacha dagaa. Alisema taratibu, bila kuinua kichwa:

"Alikuwaga anakaaga hapo."

Nilimwangalia yule mtu usoni. Hakuuliza kama mzee amesafiri wala kama amehamia wapi. Alivua kofia.

"Lini, mama?"

"Wiki ya sita hii."

Maneno matatu ya shangazi yalikuwa yamefanya kazi yote. Zile -ga mbili zilileta jioni zote, moja baada ya nyingine, na bisibisi, na waya wa kuchomelea unaonuka, na ile tabia yake ya kujaribu redio kwa kutafuta kituo cha dini hata kama mwenye redio hataki. Na ile "alikuwa" ikafunga. Lakini haikufunga kama "used to" ya kaka, inayofunga kwa ufunguo kisha ikaondoka. Shangazi aliurudisha mlango taratibu, mkono ukiwa bado kwenye kitasa.

Labda nampa shangazi sifa zaidi ya anazostahili kisarufi. Inawezekana ni sauti yake tu, au dagaa. Nimejaribu kuitamka mwenyewe garini wakati wa kurudi na haikutoka vile.

Yule mtu aliketi kwenye benchi, redio mapajani. Shangazi akanituma uji.

Bei haibadiliki

Jumapili usiku nilimtumia kaka sentensi mpya. Simu ya Minneapolis ikaita hapohapo.

"Dada, hiki ni Kiswahili sanifu?"

"Hapana."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia gari la theluji likipita kwake.

"Mama angesema hivyo," akasema. Mama yake alitangulia miaka mingi. "Itume."

Nikaituma kwa fundi wa marumaru, kijana wa Mwanza mjini ambaye hutoza kwa herufi. Asubuhi nikakuta ujumbe wake. Alikuwa ameshaihesabu, lakini ana ushauri: mstari wa pili una makosa, inatakiwa "alikuwa anakaa", hizo -ga zinaongezeka bure. Akaniuliza kama arekebishe, bei haibadiliki, herufi nne hizo atanisamehe.

Nikamwandikia achonge kama ilivyo.

Akajibu baada ya muda: "Sawa dada. Hata mama yangu huongeaga hivyo hivyo."